Waliogonga kwa Siku Mbili

Mwanangu Shija,

Barua kwa desturi huanza kwa kuuliza hali ya anayepelekewa. Hali yako naijua. Umelala chumba cha pili, nasikia unavyojigeuza kitandani, na sanduku lako limefungwa kamba tangu saa kumi jioni. Kwa hiyo naacha salamu. Naacha pia habari za blanketi, dawa ya homa na namna ya kuishi na wenzako bwenini, maana mama yako amekueleza hayo mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu akaanza kulia. Mimi nina jambo moja tu. Ningekwambia kwa mdomo kama ningekuwa jasiri. Nimejaribu tangu Jumapili, na kila nilipofungua kinywa nilijikuta nakuuliza kama umepiga viatu rangi.

Jumapili walikuaga kanisani. Mzee wa kanisa, Zakayo, alikushika bega akawaambia watu, "Huyu si mwanafunzi wa uinjilisti tu. Huyu ni mtoto wa nabii. Anakwenda Shinyanga kujifunza vitabuni kile ambacho baba yake alikisikia kwa masikio." Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha wewe ukasimama, ukasema taratibu bila kumeza maneno, jinsi nilivyokufundisha: "Naomba Mungu aseme nami kama alivyosema na baba yangu." Watu wakaitikia amina. Nilitazama chini. Nilipoinua macho nilimwona Mama Kulwa kwenye benchi la mbele, mahali anapokaa kila Jumapili. Hakupiga kigelegele wala hakuitikia. Alikuwa ananitazama mimi, kwa utulivu, jinsi mtu anavyotazama njia akimngoja mgeni ambaye lazima apite.

Hapo nilijua kwamba nisipoandika, utakwenda kuhubiri maisha yako yote juu ya neno ambalo Mungu hakulisema.

Habari unayoijua wewe ndiyo inayojulikana na watu wote kutoka hapa mpaka Kalangalala. Kwamba ulipokuwa mtoto wa miezi minane, wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakichinja kondoo mweusi mdomoni mwa duara lao, lile shimo lililo nyuma ya kilima. Kwamba mimi niliwaonya, siku ya Jumapili, kuwa ardhi itafumbua kinywa. Kwamba Jumatatu ardhi ilifumbua kinywa ikameza watu watatu. Umeisikia ikisimuliwa mbele yangu mara nyingi, na hujanisikia nikiikana. Kila neno la habari hiyo ni kweli. Ndiyo maana imedumu. Sasa nakuandikia maneno yaliyoachwa.

Nilitoka Mhunze nikiwa kijana, nikaletwa hapa kuwa mwalimu wa shule na mwinjilisti kwa wakati mmoja. Wazungu walikuwa wamekwisha kufunga mgodi wao. Waliobaki walikuwa wachimbaji wa nyundo na moko, ile patasi ya kuvunjia mwamba, watu wa Kahama, wa Biharamulo na wa kwetu Usukumani, wakichimba walipoweza. Hawakunipenda, nami sikuwapenda. Nilikuwa nikiwasahihisha Kiswahili chao njiani, wakaniita Bwana Nukta. Siku moja mmoja wao alinisimamisha mbele ya duka la Mzee Salumu akaniuliza, "Mwalimu, wingi wa dhahabu ni nini?"

Nikamjibu, "Dhahabu haina wingi."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nimewaambia siku zote. Leo hata Bwana Nukta amekiri kwamba haina wingi."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee Salumu naye alicheka nyuma ya mizani yake. Mimi nilikwenda nyumbani na hasira, nikadhani ni hasira ya Mungu. Nakuandikia kitu kidogo namna hii kwa sababu kile kikubwa kilitoka humo. Kwa miezi mingi nilikuwa nikitafuta siku ambayo watu wale wataacha kucheka.

Katika wachimbaji wote mmoja tu ndiye aliyekuwa akija kanisani. Aliitwa Maganga, naye alikuwa mume wa Mama Kulwa. Jumamosi ile, jua likiwa linashuka, alikuja akasimama mlangoni petu. Magoti yake yalikuwa na matope, na kwa sababu ya matope hayo sikumkaribisha ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Lile duara limeanza kutoa maji upande wa mashariki. Na matimba yamechoka." Matimba ni magogo wanayoyafunga shimoni ili kuta zisianguke. "Tukiwa chini tunayasikia. Yanalia, Mwalimu. Unafanya kazi huku yanalia juu ya kichwa."

"Mwambie mwenye duara."

"Nimemwambia. Anasema nimeingiwa na woga kwa sababu sikula nyama ya kondoo wao. Wewe atakusikia, unamfundisha mwanawe. Mwombe asimamishe kazi siku tatu tu, tukate magogo mapya."

"Nitasema naye."

"Leo, Mwalimu? Jumatatu tunashuka."

"Nimekwambia nitasema naye."

Akashukuru akaenda zake. Nyumba ya mwenye duara ilikuwa mwendo wa robo saa. Nilichukua kofia na fimbo, nikafika mpaka kwenye uzio wake wa minyaa. Nilimwona ameketi uani anakula. Nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenizuia, mwanangu. Hakuwa na mbwa. Nilirudi kwa sababu njiani nilikuwa nimepata wazo. Sikuwa na mahubiri ya kesho yake, na sasa nilikuwa nayo.

Sikutaka mtu afe. Nilitaka waogope. Niliwaza kwamba nikiwaambia habari ya magogo watatengeneza magogo, na Jumatatu nyingine watachinja kondoo mwingine na kunicheka tena. Bali nikiwaambia kwamba Mungu amenionyesha, na baadaye wakayaona maji ukutani kwa macho yao, watakuja wenyewe wakitetemeka. Nilifanya hesabu hiyo kitandani, nikaiona ni njema, nikalala.

Jumapili nilisoma habari za Kora na wenzake, walioasi jangwani na nchi ikawameza wakiwa hai. Kisha nikafunga Biblia nikasema kwamba duara la nyuma ya kilima litafumbua kinywa, nao watakumbuka kuwa palikuwa na mtu wa Mungu kati yao. Sikutaja maji. Sikutaja matimba. Maganga alikuwa benchi la nyuma, ameinama mbele kidogo, kama mtu anayesubiri tangazo linalomhusu lisomwe. Tulipotoka alinifuata.

"Mwalimu, ulimwambia?"

"Nimesema na wote," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alielewa kwamba nimesema na mwenye duara pamoja na wenzake, na kwamba wamesikia. Niliona kwamba ameelewa hivyo. Jibu langu halikuwa na kosa lolote la sarufi, nami nilimwacha aende nalo.

Jumatatu saa tano nilikuwa nafundisha hesabu darasa la nne. Chaki ilianguka kutoka ubaoni kabla sijasikia sauti. Kisha sauti ikaja, fupi, nzito, na baada yake watoto wote wakanitazama. Hakuna aliyetazama dirishani. Walinitazama mimi, maana walikuwepo kanisani jana yake.

Nilipofika kilimani vumbi lilikuwa bado limesimama hewani. Waliokuwa chini ni Maganga na ndugu wawili wa Kahama. Watu walikuwa wamekwisha kushika majembe na makarai. Ndipo yakaanza yale yanayoniamsha mpaka leo. Kutoka chini ya mwamba kulikuja mlio wa nyundo. Mara tatu, kimya, kisha mara tatu. Hapakuwa na mtu aliyeuliza ni nini. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, bila kuambizana.

Mfumu wao, mganga aliyewachinjia kondoo, alikuwepo. Alisikiliza, akasema, "Hao si watu. Ni wenyewe wa kilima wanagonga. Wamechukua watu wao, wanahesabu. Msiguse mpaka nipate kondoo mwingine." Nawe unajua desturi ya wachimbaji wa huku: duara likishika mtu, hakuna anayelishika mpaka wenyewe wa mahali, yaani mizimu yake, wapewe chao. Lakini nusu ya watu waliosimama pale walikuwa Wakristo, na hao hawakumtazama mganga. Zakayo, ambaye siku hizo alikuwa kijana, alikuja mpaka mbele yangu akiwa na jembe begani.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyetabiri. Tuchimbe au tuache?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni jepesi, hata mtoto hulisema. Badala yake nikauliza, "Ni nani awezaye kuuzuia mkono wa Bwana?"

Zakayo akashusha jembe. Na wengine wakashusha. Siku ile mimi na mganga tulipatana kwa mara ya kwanza.

Nitakuandikia pia jambo ambalo ni baya kuliko maneno hayo. Wakati jembe la Zakayo lilipogusa ardhi nilisikia utamu. Mwenye duara alikuwa amepiga magoti karibu na viatu vyangu. Hapakuwa na aliyecheka.

Mke wa Maganga alikuja mbio akiwa na unga mikononi. Alichukua jiwe akapiga mwamba mara tatu. Chini wakajibu mara tatu. Akapiga mara mbili, wakajibu mara mbili. Akatugeukia akasema, "Ni mume wangu. Mnasikia ananijibu? Baba Kulwa ananijibu." Akaanza kufukua kwa vidole. Wanawake wakamshika, wakamkalisha kando, wakamwambia ni majonzi, na kwamba wenyewe wa kilima huweza kumjibu mtu kwa namna yoyote. Akanitazama.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mteremkoni, chini ya kilima hicho. Usiku ule mlio ulipita ardhini ukatokea chini ya sakafu yetu. Mama yako aliuliza, "Nani anatwanga saa hizi?" Nikamwambia ni jirani. Akasema, "Anatwanga nini mara tatu tatu?" Wewe ulikuwa umelala mkekani, ukilia kwa sababu ya meno. Kila mlio ulipokuja ulinyamaza, ukaweka sikio chini, ukangoja. Ulipokwisha ukalia tena. Ulifanya hivyo mpaka alfajiri. Mama yako alikuchukua akakuweka juu ya kifua chake, nawe ukanyoosha mkono kuelekea sakafuni.

Jumanne waligonga mchana kutwa, nami nilifundisha. Niliwaimbisha watoto jedwali la kuzidisha kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Jumatano asubuhi Mzee Salumu alirudi kutoka Mwanza alikokwenda kununua vitambaa. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Tabora, babu yake alitoka pwani. Alisikia habari dukani kwake akaja kilimani akiwa bado na vumbi la safari. Alisimama akasikiliza. Sasa mlio ulikuwa mmoja mmoja, na kimya katikati kilikuwa kirefu.

"Mwalimu," aliniuliza, "nini kinagonga?"

"Watu wanasema..."

"Watu nitawauliza baadaye. Wewe una masikio."

"Ni mtu," nikasema.

"Basi mtu akibisha hodi huitikiwa." Akavua kanzu yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe pamoja na kofia. Akamwambia mganga, "Na wewe, Mzee, kondoo wako ukimpata mle tu." Akachukua jembe lililokuwa karibu. Alikuwa mtu wa dukani, mikono yake laini, na kwa muda mrefu alichimba peke yake huku watu hamsini wakimtazama. Kisha Mama Kulwa akaenda. Kisha Zakayo. Kisha wote. Mimi nilikwenda mwisho.

Mlio ulikoma karibu na saa sita. Tuliwafikia saa tisa. Wale ndugu wawili walikuwa baridi. Mzee Salumu alikuwa wa kwanza kuingia kwa Maganga, akaniita niingie nyuma yake kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na taa. Maganga alikuwa amekaa, mgongo ukutani, nyundo mapajani.

"Mguse," alisema Mzee Salumu.

"Amekufa, Mzee."

"Nimesema mguse, Mwalimu."

Nilimgusa shingoni, chini ya sikio. Alikuwa na joto.

Mzee Salumu alinitazama katika mwanga wa taa. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mimi sitasema. Hili ni lako kulisema." Alikwenda akaleta kanzu yake, akamfunika. Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo, tukisalimiana karibu kila siku, akanipimia chumvi na mafuta ya taa, na hakulitaja tena hata mara moja. Amekufa nalo.

Unajua yaliyofuata. Kanisa lilijaa. Mwenye duara alibatizwa, na wachimbaji saba pamoja naye. Watu walikuja kutoka mbali kunishika mkono, nami niliwapa mkono uleule. Nilijiambia kwamba roho zile zilizookoka ni jibu. Nilijiambia kwamba Mungu alitumia kosa langu. Unaweza kujiambia mambo mengi ikiwa hakuna anayekuuliza.

Lakini katika maneno ya nabii Ezekieli kuna mahali ambapo sijapata kupasoma mbele ya ushirika kwa miaka kumi na minane. Ni pale anaponena juu ya mlinzi aliyewekwa ukutani, akauona upanga unakuja, asipige tarumbeta. Yule aliyekufa amekufa katika uovu wake mwenyewe, asema nabii, lakini damu yake itatakwa mkononi mwa mlinzi. Tulipofika hapo katika masomo niliruka. Hakuna aliyetambua, isipokuwa mmoja. Mama Kulwa hajui kusoma, lakini binti yake humsomea. Alinifuata baada ya ibada.

"Mwalimu, mbona leo tumeruka?"

"Muda ulikuwa mfupi, Mama Kulwa."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Nilimzika mdogo wako, yule aliyekufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, nikasema moyoni mwangu kaburini: sasa tumelingana, Maganga. Sikumwambia mama yako kamwe. Huo nao ulikuwa uovu, labda ni mkubwa kuliko ule wa kwanza, kumfanya mtoto wangu awe fidia ya dhambi ambayo hakuitenda. Nabii huyo huyo anakataa jambo hilo kabisa. Mwana hatauchukua uovu wa baba. Nilisoma maneno hayo mara nyingi nikiyafasiri kwa ajili ya wengine. Kwangu niliona ni afadhali Mungu aniadhibu kwa kifo cha mtoto kuliko mimi kwenda kubisha kwenye mlango mmoja nikasema maneno mawili.

Nawe nilikupiga. Ulikuwa na miaka tisa, ndama alipotea, ukasema fisi alimchukua, kumbe ulilala malishoni. Nilikuchapa viboko tisa, kimoja kwa kila mwaka, nikakulazimisha kukariri maneno juu ya midomo ya uongo. Katikati ya viboko uliniuliza, "Baba, wewe hujawahi?" Nikaongeza kimoja. Naomba unisamehe viboko vile vyote, na hasa kile cha kumi.

Sina mafundisho mengi ya kukupa. Nimeishi na jambo moja, nami nimelielewa polepole sana. Nilidhani nabii ni mtu ambaye neno lake limetimia. Kisha, siku moja, nikiwa nawafundisha watoto habari za Yona, niliishia katikati ya sentensi. Yona alikaa nje ya mji, kivulini, akingoja uteketee, na mji ulipotubu ukapona alikasirika hata akataka kufa. Mtumwa wa Mungu alitumwa na onyo ili jambo lile lisitokee. Onyo lililofanya kazi yake huonekana baadaye kama uongo, na aliyelitoa huonekana mpumbavu, na wachimbaji humcheka mbele ya duka. Mimi nilikataa kuonekana mpumbavu kwa siku tatu za kukata magogo.

Watu husema Mungu aliangusha mwamba ule. Mimi niliyekuwepo najua ni maji. Kama Mungu alisema neno lolote juma lile, alilisema Jumamosi, mlangoni kwangu, kwa kinywa cha mtu mwenye matope magotini. Alilisema wazi: siku tatu, magogo mapya, leo. Na niliposhindwa kusikia kinywa, alisema kwa nyundo, siku mbili. Ukiomba aseme nawe kama alivyosema nami, ujue unachokiomba.

Alhamisi, siku ya nne baada ya kukuaga kanisani, nilikwenda kwa Mama Kulwa. Alikuwa uani anachambua pamba. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu Jumamosi mpaka joto la shingo. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Kaa, Mwalimu."

Nikakaa.

"Jumamosi ile alirudi akiwa na furaha," akasema. "Akaniambia, nimemweleza Mwalimu, Mwalimu atasema. Na Jumapili akaniambia, amesema. Tulilala vizuri siku zile mbili. Nilikuwa sijalala vizuri kwa mwezi mzima."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kabla hujafika kilimani."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ulikuwa nabii." Akatoa mbegu katika pamba, akaitupa. "Nikaona nikae benchi la mbele. Nikasema, atasema mwenyewe. Jumapili hii, au ile. La joto sikulijua. Hilo umenipa leo."

Nikamwomba anisamehe. Akachukua pamba nyingine, akaichambua mpaka mbegu ya mwisho.

"Shija anajua?"

"Hajui."

"Basi hujaja bado, Baba Shija." Kwa miaka yote ameniita Mwalimu, na siku ile ndipo alipoacha. "Mtoto wako anakwenda kujifunza kuhubiri. Asiende kusimama juu ya mume wangu. Mwambie kwanza. Akijua, aje yeye mwenyewe aniambie kwamba anajua. Ndipo nami nitajua nikujibu nini."

Sasa umejua.

Jumapili ijayo nitawaambia ushirika wote, wewe ukiwa umekwisha kuondoka au ukiwa bado uko hapa. Nitarudisha ufunguo wa kanisa. Baada ya hapo watu watasema mengi, na wengi watasema kwamba damu ya Maganga iko katika ukoo wetu, watakutafutia mganga wa kukutenga nayo. Usikubali. Hukuwa na hata mwaka mmoja. Hatia hii ni yangu, nami sitaki mtu yeyote anisaidie kuibeba, wala wewe. Vilevile unabii waliokurithisha Jumapili si mali yako, kwa kuwa mimi sikuwa nao. Unaondoka nyumbani huna kitu kutoka kwangu, si kizuri wala kibaya. Nimejaribu kuona kama hilo ni jambo la huzuni, na sioni kwamba ni la huzuni.

Kama baada ya kusoma hutaki tena kwenda chuoni, usiende. Sitakuuliza, na mama yako nitamweleza mimi. Kama unakwenda, nenda. Nitakupa barua hii alfajiri, kabla ya chai. Lori la pamba haliondoki mpaka saa nne, na dereva amekubali kukungoja kwenye njia panda. Nyumba ya Mama Kulwa unaijua, ya tatu upande wa kulia wa njia panda, yenye bati jipya. Atakuwa ameamka. Huamka mapema.

Sitakusindikiza. Nitabaki mlangoni, na kutoka hapa njia panda inaonekana yote. Ukienda moja kwa moja kwenye lori nitaelewa, wala sitakuita. Ukigeuka kulia, ukifika uani kwake usimwombee baba yako lolote. Mwambie tu kwamba unajua. Atakachonijibu, asikutume wewe. Nitakwenda kukisikia mwenyewe, leo hii, mara tu lori litakapoondoka.

Ni mimi, baba yako,
Elikana